Kabla Hujasaini: Kwa Mdogo Wangu Anayeanza Kazi ya Lori

Wiki iliyopita nilikuwa Mangaka nasubiri fundi wa matairi, ukaingia ujumbe kwenye simu. Kijana wa Nachingwea, sijawahi kumwona. "Shikamoo kaka. Nimepata kazi kampuni ya mizigo hapo Mtwara, naripoti tarehe moja. Leseni yangu daraja E ila nimezoea Fuso. Naomba unishauri nianzeje."

Nilimjibu marahaba, hongera sana, nitakuandikia nikitulia. Leo nimetulia. Naandika hapa badala ya kumtumia yeye peke yake kwa sababu msimu wa korosho unakuja, kampuni zinatafuta madereva, na wapo wengi watakaokabidhiwa ufunguo mwezi huo huo. Wote tunakitafuta kitu kile kile: kukaa kwenye kichwa cha semi, lile lori kubwa linalovuta tela, posho ya safari, mshahara unaoeleweka, michango ya NSSF inaingia, na Mungu akijalia, siku moja gari lako mwenyewe.

Mimi nilitokea kwenye Fuso, lori dogo lisilo na tela, kama wewe. Miaka minne nilikuwa utingo, halafu miaka sita nikamwendeshea tajiri mmoja wa Lindi mjini. Tulibeba chumvi, nazi na saruji kwenda Ruangwa, Nachingwea, hadi Liwale masika ambapo kilomita kumi zinaweza kukulaza njiani. Yule tajiri hakuwa na makaratasi. Ukirudi unamkuta kibarazani, anauliza mzigo umefika, unasema umefika, anakupa chako. Nikaamini udereva ndio huo: ujue gari, ujue barabara, uaminike.

Mwaka 2019, mwezi Oktoba, minada ya korosho ndiyo inaanza, nikaitwa kwenye kampuni moja Mtwara yenye magari kumi na sita. Nilishona suruali mpya. Mke wangu aliniamsha saa kumi alfajiri kama mtoto anayeanza shule.

Ofisa usafirishaji hakuniuliza kitu. Alinipa ufunguo na hati, akaninyooshea gari lilipo. Kichwa cha Kichina, tela la ekseli tatu, yaani mihimili mitatu ya matairi. "Mzigo uko Tandahimba, kesho asubuhi uwe umerudi." Nikasema sawa bosi. Semi nilijifunza chuoni, ni kweli, lakini pale chuoni tela lilikuwa tupu na uwanja tambarare. Nilitakiwa kusema: naomba dereva mzoefu anisindikize safari moja tu. Sikusema. Niliogopa wataniona sijui. Hofu hiyo ndugu yangu, ukiibeba mpaka getini, itakugharimu kuliko kitu chochote.

Barabara ya Tandahimba wakati ule ilikuwa vumbi na mchanga, na malori ya korosho yalishaichimba mifereji. Nilifika magharibi, mikono inatetemeka kwa kupambana na usukani. Makuli walianza kupakia saa tatu usiku. Nikamwambia utingo, kijana mgeni kama mimi, "Simama hapo uhesabu," nikapanda kujinyoosha dakika tano. Nikalala.

Saa nane usiku mtunza ghala ananigongea kioo, tochi mkononi. Hati inasema gunia 375 za kilo 80, yaani tani 30 kamili. Nikamuuliza utingo, akasema zimetimia kaka. Nikaiweka karatasi juu ya tairi, nikasaini.

Mtwara walishusha, wakahesabu. 368. Wakahesabu tena. 368.

Gunia saba, kilo 560. Wakaniita ofisini wamekaa watatu. Swali lilikuwa moja: "Sahihi hii ya nani?" Nikajibu yangu. Hapo kikao kikaisha. Hakuna aliyepiga simu Tandahimba mbele yangu. Hakuna aliyemwita utingo. Walikata nusu ya mshahara wangu miezi mitano. Januari ile watoto wanarudi shule, mke wangu alichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, akaenda kuuza stendi ili madaftari yapatikane. Sikuiba hata korosho moja ya kutafuna, lakini kwa muda mrefu wenzangu wakiniona nakuja walikuwa wanabadilisha mazungumzo. Mpaka leo nikikutana na yule ofisa sokoni, salamu inanikwama kooni. Nimejaribu kusamehe. Nafikiri nimesamehe fedha, ile hali ya kuitwa mwizi bila kuitwa mwizi bado.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu mimi nililijua miaka miwili baadaye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inazungumzia makato. Mwajiri hawezi kukukata kwa sababu ya mali iliyopotea mpaka aonyeshe kosa ni lako, akuandikie sababu na kiasi, na akupe nafasi ya kujitetea. Na makato hayo yasizidi robo ya mshahara. Robo! Mimi nilikatwa nusu, bila karatasi hata moja. Ningekuwa najua, ningeandika barua, na wasiponisikiliza ningekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Sikujua. Nilidhani kampuni ikiwa kubwa basi kila inachofanya ni sheria. Kwa hiyo dai mkataba wa maandishi kabla ya kugusa usukani, usome ukurasa wa makato mara tatu, na kama kuna mstari unaosema upotevu wowote ni wa dereva, uliza maana yake mbele ya shahidi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja Mmwera, dereva wa siku nyingi kuliko wote pale yadi. Hakunipa pole. Alinipa daftari dogo la kurasa 96 na kalamu imefungwa kwa uzi, akasema, "Mwanangu, usisaini usichokihesabu kwa macho yako." Tangu siku hiyo gunia likipanda, napiga mstari. Gunia la tano nakatiza mistari minne. Makuli walikuwa wananuna, wanasema dereva huyu anachelewesha. Wacha wanune. Ukiwa umechoka, waambie wapumzike na wewe upumzike, au mzigo usubiri asubuhi. Ghala halihami.

Na si mzigo tu. Gari lenyewe unalisainia. Mimi sikulikagua gari lile siku ya kwanza, nililipokea kama zawadi. Wewe lizunguke. Tazama matairi ya ndani, si ya nje peke yake, hayo ya nje ndiyo yanayopendezeshwa. Fungua koki za mitungi ya upepo maji yatoke, maana huku pwani hewa ina unyevu na maji yakijaa mle breki zinadhoofika. Ukishaunga tela, libane kwa breki, tia gia ya kwanza, vuta kidogo uone kama pini imeshika kweli. Jeki ipo? Tairi la akiba lina upepo? Turubai halijatoboka? Kila lililopungua liandike kwenye fomu ya makabidhiano, na kama hakuna fomu liandike kwenye daftari lako, umwombe anayekukabidhi asaini chini. Atakuona msumbufu. Kioo kilichopasuka kabla yako kitakuwa kimepasuka kabla yako.

Mzani wa barabarani unaopima malori nao ulinifundisha, safari ya tatu tu. Nilipakia saruji Mtwara, mifuko 600 ya kilo 50, kwenda Songea. Nilihesabu vizuri, nikajisifu. Nikafika mzani, gari likawekwa pembeni. Nikawaambia uzito wangu wote ni tani 47, gari la ekseli sita linaruhusiwa 50! Yule ofisa, alikuwa mpole, akanieleza. Ekseli ya mbele mwisho tani 8, zile mbili za nyuma ya kichwa kwa pamoja 18, za tela tatu kwa pamoja 24. Jumla ndiyo hiyo 50, lakini kila kundi linapimwa kivyake. Ile sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ilianza kutumika kwetu Machi 2019, na mimi nilikuwa bado na akili za Fuso. Makuli walikuwa wamerundika mifuko mbele ya tela, ekseli za kichwa zikazidi. Tulihamisha mifuko kurudi nyuma juani, na makuli nikawalipa kutoka kwenye posho yangu. Nililala njaa Tunduru. Kwa hiyo uwepo wakati wa kupakia, na uangalie mzigo unakalia wapi. Kuhesabu peke yake hakutoshi.

Baada ya hapo mambo yakaanza kukaa sawa na sina mengi ya kusimulia. Safari, kurudi, safari. Makaa ya mawe kutoka Mbinga kuja bandarini Mtwara, korosho msimu, saruji mwaka mzima. Nikahamia kampuni nyingine, ndipo nilipo sasa.

Lakini Mei 2024 siwezi kuiruka. Kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga. Mimi nilikuwa na mzigo wa Dar. Magari yamepanga foleni, abiria wanalala kwenye mabasi, maji ya kunywa yanatafutwa. Nikaamriwa kwa simu nigeuze, nizungukie Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, nitokee Morogoro. Safari ya kilomita kama 560 ikawa zaidi ya mara mbili yake. Nilivyorudi, mhasibu akaniita: mafuta haya yameenda wapi? Moyo ulishtuka kama siku ile ya gunia saba. Safari hii nilikuwa na daftari. Tarehe, saa, kilomita kwenye dashibodi nilipogeuza, jina la aliyeniamuru na saa aliyonipigia, kila kituo nilichojaza na lita zake. Akasoma kimya, akapiga picha kurasa mbili, akanirudishia. Posho ya siku zilizozidi nililipwa. Nilitoka mle ofisini nimesimama wima. Nikampigia yule mzee, yuko Mtama siku hizi anapumzika, nikamwambia, baba, daftari lako limenilipa. Miezi mitatu baadaye kampuni ikaanza kunikabidhi madereva wapya niwasindikize safari ya kwanza. Nimeshawafundisha saba. Najivunia hilo, na sioni sababu ya kulificha.

Vijana wangu, mengine mnayajua na bado hamyafanyi. Mwendo wa lori ni 80 barabara kuu na 50 kwenye makazi, na Somanga kuna watoto wanavuka na sinia za samaki kichwani. Kati ya Namtumbo na Tunduru tembo wanavuka barabara, usiku hutamwona mpaka umeshamfikia. Ukishuka kutoka uwanda wa Makonde, Newala huko, gia uliyopandia ndiyo ushuke nayo, usikalie breki mpaka zinuke. Msimu wa mabibo, uraka, pombe ya mabibo hayo, uko kila kijiji na watu wetu ni wakarimu. Kataa. Mwambie mwenyeji nitakunywa nikirudi likizo, ataelewa.

Na mafuta msiguse. Atakuja mtu na madumu, atasema lita ishirini tu, kila dereva anafanya. Mimi nililipia gunia saba ambazo sikuchukua, najua uzito wa jina likichafuka. Dereva anayeuza dizeli anatuchafua sote, hata yule anayehesabu gunia moja moja usiku kucha. Wallahi hili linaniuma. Tajiri akishaibiwa na mmoja, wote tunapekuliwa getini kama vibaka, na utingo anayejifunza kwako anaondoka na somo hilo hilo. Utakuwa umeharibu watu wawili kwa lita ishirini.

Mdogo wangu wa Nachingwea, rudi kwenye swali lako, uanzeje. Omba usindikizwe safari ya kwanza, useme kwa mdomo wako kwamba umezoea Fuso. Kaka mmoja aliwahi kuniambia mtandaoni kwamba ukisema hivyo watakunyima kazi. Kampuni itakayokunyima kazi kwa kusema ukweli ingekukata nusu mshahara kwa gunia saba. Nunua daftari kabla ya tarehe moja, usisubiri posho. Na namba ya mtunza ghala wa kila unapopakia, iandike.

Mimi nipo Masasi mpaka Alhamisi nasubiri kupakia. Wakikupa mkataba, usisaini siku hiyo hiyo. Omba ulale nao. Piga picha ukurasa wa makato unitumie, tuusome pamoja jioni, halafu kesho yake ndiyo uende ukachukue ufunguo.