Kitabu cha mazimwi: mdogo asomewe au asubiri?

SWALI: Binti yangu ana miaka minne, kaka yake saba. Shangazi yao amewaletea kitabu cha picha cha mazimwi, jalada linasema "miaka 3–7". Mkubwa anakipenda, mdogo sasa hataki kulala peke yake. Nikifiche?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Dada, usikitegemee hicho kipimo cha jalada. Mara nyingi hutazama urefu wa maandishi na ugumu wa maneno. Hofu ni habari nyingine. Kipime mwenyewe, bila kusoma neno hata moja. Funua kurasa zote, kwa kawaida 32, ukitazama picha tu, kwa kuwa ndizo zinazomfikia mtoto wa miaka minne kwanza. Uso wa zimwi ukijaa kurasa mbili, macho yakimkodolea msomaji, kwake ni mapema. Zimwi dogo la pembeni halimsumbui sana.

Angalia pia linakaa wapi. La msituni huachwa msituni. La chini ya kitanda au la chooni atakutana nalo usiku. Na ni kiumbe gani? Zimwi ni la ngano, ila jini, au popobawa kwa watu wa pwani, mtoto amesikia wakubwa wakimzungumza kwa dhati. Ukimwambia "ni hadithi tu" hatakuamini. Vitabu vya viumbe hao tungevisubirisha hadi miaka minane, hata picha ziwe nzuri vipi.

Wazazi wengi husahau kwamba mama kupotea hadithini hutisha kuliko zimwi lenyewe. Hakikisha kurasa za mwisho zinamwonyesha mtoto yuko salama, na mtu mzima karibu. Mwisho wa kuuliza kama zimwi litarudi humchekesha wa miaka saba na kumkosesha usingizi wa minne.

Msomee mchana, akiwa pajani, afunue kurasa yeye. Akicheka huku amekushika na kutaka tena, endelea. Akiziba masikio au kukaza mwili, usifunge kitabu katikati, maana atabaki na hofu isiyo na mwisho: ruka hadi ukurasa wa mwisho, aone walivyookoka, ndipo uache.

Kukificha hapana, ataona kweli kina hatari. Kiweke sebuleni, si chumbani wanamolala, kaka asome huko, na mdogo umjaribu tena baada ya miezi sita hivi.