Kaa Hapo Hapo, Mwanga Utakuja

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji mmoja, kijana kwa jinsi alivyoandika. "Dada, huu ni mwaka wa pili nina kamera. Kila mwisho wa wiki nazunguka kutwa nzima, narudi na picha mia nne, na hakuna hata moja ninayotamani kuiangalia mara ya pili. Nahisi tatizo ni lenzi. Nishauri ninunue ipi."

Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha nikaona nimemdhulumu. Huyu kijana ni mimi wa miaka tisa iliyopita, mpaka hiyo idadi ya picha. Wakati ule hakuna aliyeniandikia mimi. Basi acha nimwandikie yeye, na nyinyi wengine mnaobeba kamera kwa mapenzi tu, bila mteja wala malipo, msome humu humu.

Usinunue lenzi. Kaa chini.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nakimbia. Sina neno jingine. Nikiona ndege namfuata, akiruka namfuata tena. Nikiona ua napiga, nageuka, napiga jingine. Nilikuwa natoka nyumbani saa nne asubuhi na kurudi saa tisa alasiri, yaani nilichagua kwa mikono yangu saa zile ambazo jua liko juu, majani yanang'aa meupe kama bati na vivuli vimejificha chini ya kila kitu. Picha zilitoka bapa. Nikadhani kamera ni mbovu. Nikaweka akiba miezi minane, nikanunua lenzi ndefu, nikarudi kule kule, saa zile zile, nikakimbia vile vile. Nilipata ndege wakubwa zaidi kwenye picha, na ubapa ule ule.

Kilichonibadilisha ni mguu. Nilijikwaa kwenye mzizi karibu na bwawa, nikateguka kifundo, na mwenzangu niliyeongozana naye alikuwa ameshatangulia upande wa pili. Nikampigia simu, akasema atanifuata baada ya saa mbili hivi. Sikuwa na la kufanya ila kukaa juu ya jiwe, mguu nimeunyoosha, kamera mapajani, na hasira kifuani kwa sababu niliona siku imeharibika.

Nusu saa ya kwanza sikuona kitu. Hili naomba mlikumbuke, kwa sababu wengi wenu mnaondoka ndani ya hiyo nusu saa.

Baadaye jua likaanza kushuka. Mwanga uliokuwa mkali ukalegea, ukawa wa njano, ukaanza kuingia kwa ubavu. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba jua likiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, na rangi ya bluu hutawanyika njiani, ikabaki hii ya dhahabu. Siku ile sikuwaza hayo. Niliona tu kwamba matete yaliyokuwa ukuta mmoja wa kijani yamegawanyika, kila moja na upande wake wenye mwanga na upande wake wenye kivuli, na nyuma yao miti ya ng'ambo imeshaingia gizani.

Kereng'ende akaja, akatua kwenye tete moja lililokauka, hatua tatu kutoka nilipokaa. Nikanyanyua kamera, akaruka. Kwa mazoea ningesimama nimfuate, lakini mguu haukubali. Nikabaki. Baada ya muda mfupi akarudi, ncha ile ile ya tete lile lile. Akaruka tena, akarudi tena. Nilimhesabu mara sita. Ndipo nikajua kuna aina za kereng'ende ambao wana kituo chao: wanaruka kukamata wadudu na kurudi hapo hapo. Kumbe mwaka mzima nilikuwa nawafukuza wanyama ambao wangerudi wenyewe kama ningetulia.

Nikazima fokasi ya kujiendesha, ile ambayo kamera yenyewe huchagua kitakachoonekana wazi, nikaweka fokasi kwa mkono kwenye ile ncha ya tete wakati haina kitu. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, nikaiweka 1/1000 ya sekunde. Nikapiga moja ya kujaribu, nikaona kamera imelifanya giza la nyuma kuwa kijivu, na mwanga kwenye ncha ya tete umeungua kabisa. Nikashusha kiwango cha mwanga kwa kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, hatua moja chini, yaani nusu ya mwanga. Kisha nikangoja.

Alipotua, jua lilikuwa nyuma yake. Sijawahi kuona kitu kama kile kwa macho yangu, achilia mbali kwenye picha. Mbawa nne zikawaka. Kila mshipa ulionekana, vyumba vidogo vidogo kama dirisha la vioo, na karibu na ncha ya kila ubawa lile doa dogo jeusi ambalo nilikuwa sijui kama lipo. Mguu mmoja wa mbele alikuwa ameukunja nyuma ya kichwa. Nilipiga picha tatu, akaondoka, na safari hii hakurudi.

Mwenzangu aliponikuta nilikuwa nalia. Alidhani ni mguu.

Picha ile ya pili kati ya zile tatu ndiyo niliyoipeleka kwenye mashindano ya wapiga picha wa kujifurahisha. Mmoja wa waamuzi aliishika, akaiinua watu waione, akasema, "Hii ni nzuri, lakini ni bahati tu. Mdudu katua, mwanga upo, basi." Watu wakacheka kidogo. Akaiweka pembeni. Ni miaka minane sasa, na bado naweza kuwaambia alivyokuwa ameishika, kidole gumba kimegusa kona ya picha.

Nimelitafakari sana neno lile. Bahati ilikuwepo, sikatai. Kereng'ende sikumwita mimi. Lakini nani aliweka fokasi kwenye tete tupu? Nani alishusha mwanga kabla mdudu hajarudi? Nani alikuwa amekaa pale?

Tarehe 1 Novemba 1941 mpiga picha Ansel Adams alikuwa akirudi kwa gari jioni katika jimbo la New Mexico, Marekani. Akakiona kijiji cha Hernandez: mwezi umechomoza juu ya milima, na misalaba ya makaburini inawaka kwa mwanga wa mwisho wa jua. Akasimamisha gari, akatoa kamera yake kubwa, akaifunga kwenye stendi, akatafuta kipima mwanga asikione. Lakini ung'avu wa mwezi alikuwa anaujua kwa kichwa, akapiga hesabu kutokea hapo. Alipata picha moja. Alipogeuza kibebeo cha filamu ili apige ya pili, jua lilikuwa limeshaiacha misalaba. Picha ile ni kati ya zinazojulikana zaidi duniani. Kama na ile ni bahati, basi ni bahati ya mtu aliyekuwa ameshahifadhi kichwani hesabu za mwezi miaka mingi kabla ya mwezi wenyewe kumtokea. Yule mwamuzi angemwambia nini?

Au yule mkulima wa jimbo la Vermont, huko huko Marekani, Wilson Bentley, ambaye hakuwa na studio wala wateja. Mwaka 1885 alifanikiwa kupiga picha ya chembe moja ya theluji kwa kuunganisha kamera na hadubini, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000, kila moja akishindana nayo kabla haijayeyuka. Huyo ni mmoja wetu. Alikuwa anapenda tu.

Kwa hiyo kijana wangu, sikiliza. Unaponiuliza lenzi, mimi nakuuliza: unajua mwanga utatoka wapi saa kumi na mbili jioni pale unapopenda kwenda? Chagua mwanga kwanza, kisha mahali, kisha kaa. Kitu cha kupiga kitakuja chenyewe. Watu wengi wanafanya kinyume: wanatafuta kitu kwanza, wakikipata wanakipiga kwa mwanga wowote uliopo, halafu wanashangaa mbona picha haina uhai.

Na ujue kamera yako inavyofikiri, maana haifikiri. Inapima mwanga ikidhani kwamba jumla ya kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwa yangeyange mweupe kwenye ukungu, itamfanya awe rangi ya majivu. Ongeza hatua moja juu. Ukiielekeza kwenye giza lenye kitu kimoja kinachowaka, itaunguza hicho kinachowaka, shusha. Hilo moja likikuingia, utakuwa umeokoa picha zako nyingi kuliko lenzi yoyote itakavyookoa. Lakini hutalijua ukikimbia. Utalijua umekaa, una muda wa kupiga, kutazama na kurekebisha kabla mgeni hajafika.

Hata mambo ya ghafla yana njia zake. Chukua upinde wa mvua. Mvua inakatika, jua linachungulia, na kila mwenye kamera anageukia jua kwa sababu mawingu yanapendeza. Mwaka juzi nilikuwa kwenye uwanda na watu wanne, wote wamelikabili jua. Mimi nililipa kisogo. Upinde hutokea upande ulio kinyume na jua, kwa pembe ya digrii 42 hivi kutoka pale kivuli cha kichwa chako kinapoelekea, ndiyo maana jua likiwa utosini hutauona ukiwa umesimama kwenye tambarare. Jua lilikuwa chini, mvua ilikuwa bado inanyesha mbele yangu. Nilijua utakuja. Nikapanga mti mmoja mkavu mahali ambapo mguu wa upinde ungeshuka, nikangoja. Ulipotokea, wenzangu waligeuka wakaanza kukimbia kutafuta mti. Mimi nilikuwa nao tayari. Naujivunia mti ule mpaka leo na sioni sababu ya kuficha.

Ndugu zangu, acheni kukimbia. Nasema hivi kwa wote, si kwa kijana huyu tu. Tumezoea kurudi na picha mia nne kana kwamba tunakusanya kuni. Mtu anapita kwenye utando wa buibui wenye umande, anapiga moja akiwa amesimama wima, anaendelea. Piga magoti! Sogea mpaka utando uwe kati yako na jua. Angalia tone moja. Ndani ya tone lile la umande kuna ua lililo nyuma yake, zima, limepinduka kichwa chini, dogo kuliko kichwa cha pini. Liko hapo kila asubuhi yenye umande. Mimi nilipita kando ya matone kama hayo mwaka mzima nikienda kutafuta picha.

Jiwekee saa moja, mahali pamoja, lenzi moja. Usihame. Ukichoka, kaa. Ukiona hakuna kitu, kaa. Jua likizama usifunge begi. Subiri angalau dakika ishirini, kwa sababu mawingu ya juu bado yanapata mwanga ambao wewe chini huupati, na mara nyingi rangi nzito huja wakati watu wameshageuza migongo. Karibu na ikweta giza huwahi, kwa hiyo uwe umeshapanga kila kitu. Ukielekea kaskazini au kusini zaidi, mwanga wa jioni hukaa sana na utapata muda wa kubadili mawazo.

Na usiogope kurudi mtupu. Mwezi uliopita nilikwenda asubuhi tano mfululizo kwa ajili ya yangeyange mmoja anayepumzika kwenye gogo. Siku nne ukungu ulikuwa mzito nisimwone, au haukuwepo kabisa. Siku ya tano ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji kimo cha magoti tu, jua likauingia kwa chini, na yule ndege akanyoosha bawa moja kama mtu anayeamka. Bawa moja tu, lingine limefungwa. Sikuwa nimelitarajia lile bawa. Gogo, ukungu na mwanga nilikuwa nimeviweka kwenye fremu siku nne, ila lile bawa alinipa yeye. Nimeichapa kubwa, iko ukutani mkabala na kitanda changu, na mwamuzi yeyote akitaka kuiita bahati aje aiite mbele yangu.

Kuhusu bwawa lile la kereng'ende, bado nakwenda. Tete lile kavu lilivunjika kwenye upepo wa mwaka jana, nikakuta limelala majini, ncha imeshaanza kuoza. Nilizunguka ukingo taratibu nikachagua jingine, limeinama kidogo kuelekea magharibi, na nyuma yake kuna kivuli kizuri kuanzia saa kumi na moja jioni. Nimekwenda mara tatu na bado hakuna aliyetua. Jumamosi nakwenda tena, na fokasi nitaiweka kwenye ncha.