Maswali ya wasomaji: Desktop ya mtumba iwe stoo ya mafaili

SWALI: Habari fundi. Mi napiga picha na video za harusi hapa Mwanza, diski za external zimefika nne mezani na sikumbuki tena harusi ya nani iko kwenye ipi. Nimeona watu wanaweka Proxmox, ule mfumo wa kugawa kompyuta moja iwe mashine pepe kadhaa (kompyuta ndani ya kompyuta), alafu ndani yake seva ya mafaili. Nina desktop ya HP niliyonunua used, i5 ya kizazi cha sita, RAM 8, na bajeti iliyobaki ni laki tano. Niongeze RAM, au niuze hii nitafute seva ya ukweli? Na hizo mashine pepe zitanisaidia nini, au ni mbwembwe tu?
*Mpiga picha, Mwanza*

JIBU: Salama kaka. Usiuze kitu, hiyo mashine inatosha na chenji inabaki. Seva ya mafaili haina hesabu nzito za kupiga, inapokea na kutoa tu, i5 yako muda mwingi itakuwa imekaa inaisubiri diski. Seva za ukweli zile ndefu za kwenye raki zinauzwa bei ya kutamanisha kweli ila zinapiga kelele kama mashine ya kusaga na zinakula umeme, waachie wenye ofisi. Hela yako ipeleke kwenye diski mbili kubwa zenye ukubwa sawa, na ukibakiwa na kidogo nunua SSD ndogo ya GB 120 au 256 kwa ajili ya Proxmox yenyewe, hata used haina shida kwa sababu humo hutaweka picha ya mtu.

Kuhusu mbwembwe. Kama unachotaka ni folda moja tu inayoonekana kwenye kompyuta zote za ofisi, hata OpenMediaVault, mfumo wa bure wa seva ya mafaili, ukiiweka moja kwa moja kwenye hiyo desktop bila Proxmox itakufaa na utalala vizuri. Faida ya Proxmox inakuja pale unapotaka kompyuta moja ifanye kazi za kompyuta tatu, leo seva ya mafaili, kesho unataka kujaribu Nextcloud (kama Google Drive ila ya kwako mwenyewe), keshokutwa kimashine kingine cha VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wako ukiwa mbali), na kila kimoja kikae chumba chake, kikiharibika unakifuta chenyewe bila kugusa vingine. Alafu kabla ya apdeti unapiga snapshoti, yaani unahifadhi hali ya mashine ilivyo muda huo, mambo yakienda mrama unarudi nyuma dakika hiyo hiyo. Programu yenyewe ni ya bure, inatoka Vienna kule Austria tangu 2008, imejengwa juu ya Debian, na kale kaujumbe ka "huna subscription" kanakotokea kila ukiingia usikaogope, unabonyeza OK unaendelea. Ila nenda kwenye sehemu ya Repositories, yaani mahali apdeti zinapotoka, uzime ile ya enterprise uwashe ya no-subscription, la sivyo apdeti zitakuwa zinagoma na hutajua kwa nini.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndo wengi wanapoteza data. Kwanza ingia BIOS, ile mipangilio unayoifungua kompyuta inapowaka, uwashe Virtualization Technology, na VT-d kama ipo. Pili, wakati wa kuinstoo Proxmox chomoa diski za picha zote, acha ile SSD ndogo peke yake, kwa sababu instola inafuta diski nzima unayoichagua, na diski zikiwa tatu zenye majina ya kufanana ni rahisi sana kuchagua siyo. Ukimaliza zima, rudisha diski, washa, alafu kwenye kompyuta nyingine fungua brauza uandike https:// na IP ya seva na mwishoni :8006. Brauza italalamika kwamba saiti si salama, ni cheti tu kimejitengeneza chenyewe, pita.

Tengeneza mashine pepe ya OpenMediaVault, ipe kori mbili na RAM GB 2, inamtosha kabisa. Labda umesikia TrueNAS, mfumo mwingine wa seva ya mafaili, ni nzuri zaidi, ni kweli ina ZFS, namna ya kupanga diski ambayo inagundua faili lililooza kimya kimya, lakini yenyewe inataka GB 8 kwa kuanzia na wewe GB 8 ndo zote ulizonazo, kwa hiyo isahau hadi siku utakayoongeza RAM. Ukiingia OpenMediaVault mara ya kwanza jina ni admin na paswedi ni openmediavault, dunia nzima inaijua hiyo, ibadilishe kabla ya kitu kingine chochote.

Diski za picha usizitumie kwa ile njia ya kawaida ya kutengeneza diski pepe. Ukifanya hivyo picha zako zote zinakuwa zimefungwa ndani ya kitu ambacho kompyuta ya kawaida haiwezi kukisoma moja kwa moja, na siku SSD ikifa utahangaika. Badala yake mpe OpenMediaVault diski yenyewe nzima, ya chuma. Unafungua Shell ya Proxmox, lile dirisha la kuandika amri, unaandika `ls /dev/disk/by-id` unaona orodha yenye aina ya diski na serial namba yake, unalinganisha na serial iliyoandikwa kwenye stika ya diski, alafu kama mashine yako ni namba 100 unaandika `qm set 100 -scsi1 /dev/disk/by-id/` ukimalizia na lile jina refu. Ya pili unaweka scsi2. Usitumie majina mafupi kama /dev/sdb, herufi hizo zinaweza kubadilishana ukiwasha tena mashine na leo sdb ni diski ya picha kesho ni flashi uliyosahau nyuma. Ukishamaliza nenda Hardware ya hiyo mashine, bonyeza kila diski ya picha utoe tiki ya Backup, maana bila hivyo siku ukiiambia Proxmox ifanye bekapu itataka kubeba na terabaiti zako zote. Ujue pia snapshoti niliyoisifia hapo juu haitafanya kazi kwa mashine iliyopewa diski za chuma namna hii, kwa hiyo ukitaka uhuru wa kuijaribu jaribu OpenMediaVault tegemea bekapu ya mashine, siyo snapshoti.

Faida yake ni kwamba ukizipanga kwa ext4, mpangilio wa diski wa Linux, ndani ya OpenMediaVault, siku desktop nzima ikiungua unachomoa diski unaichomeka kwenye kompyuta yoyote yenye Linux na picha hizi hapa.

Najua utauliza kuhusu mirror, zile RAID 1, yaani diski mbili zinazoandikwa kitu kile kile kwa wakati mmoja. Kwako siishauri. Mirror inakulinda na diski kufa, haikulindi na dogo wa ofisini. Dogo akifuta folda ya harusi saa nne asubuhi, mirror inaifuta kwenye diski zote mbili muda huo huo. Wewe weka diski ya kwanza iwe ya kazi, ya pili ipokee nakala kila usiku kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, OpenMediaVault ina menyu yake kabisa, na usiweke tiki ya kufuta kule vilivyofutwa huku. Zile external nne zako sasa ndo zimepata kazi, mara moja kwa wiki au baada ya kila harusi kubwa nakili, chomoa, peleka kwa mama au kwa shemeji. Mwizi akija akabeba desktop anabeba na diski zote mbili, hataacha moja kwa huruma.

Na kitu kimoja watu hawakiangalii, waya. Kadi yako ya GB 64 ikiwa imejaa, kwenye mtandao wa gigabiti inashuka kwenye seva kwa kama dakika kumi, kwenye mtandao wa megabiti 100 ni zaidi ya saa moja na nusu. Rauta nyingi tunazopewa na makampuni ya intaneti porti zake ni za 100, kwa hiyo kaswichi ka gigabiti ka porti tano ni hela iliyotumika vizuri kuliko RAM. Ukishanunua swichi bado ukaona spidi imekwama MB 11 kwa sekunde, angalia vichwa vya kebo. Gigabiti inataka waya zote nane, na kuna mafundi wanabana nne tu, intaneti inafanya kazi kama kawaida kwa hiyo mteja hagundui kitu. Seva isikae kwenye Wi-Fi, Proxmox na Wi-Fi hawapatani.

---

SWALI: Kuna diski za 4TB zilizotolewa kwenye CCTV zinauzwa Kariakoo karibu nusu bei. Nichukue?
*Msomaji wa Tabata*

JIBU: Chukua kama muuzaji anakubali upime kabla ya kulipa. Akikataa, muage kwa heshima.

Nenda na laptop yenye CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, na waya wa SATA kwenda USB. Ukiichomeka angalia mistari mitatu. Power On Hours, mwaka mmoja bila kuzima ni saa 8,760, kwa hiyo ukiona 35,000 hiyo imefanya kazi miaka minne usiku na mchana, bado inaweza kuishi lakini bei ishuke. Kisha namba 05 na C5, yaani sehemu zilizokufa zikahamishwa na sehemu zinazosubiri kufa. Hizo mbili ziwe sifuri, kwenye CrystalDiskInfo zinaandikwa kwa tarakimu za kihex lakini sifuri ni sifuri tu. C5 ikiwa na kitu chochote iache hapo hapo hata akikupa kwa bei ya soda.

Masaa yanaweza kuchezewa. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika Ulaya kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika zilikuwa zinauzwa kama mpya, masaa yamerudishwa sifuri, na waliojua walijua kwa kusoma rekodi nyingine ya ndani inayoitwa FARM ambayo wachakachuaji hawakuigusa. Ukiwa na Linux na programu ya kupima diski ya smartctl toleo la 7.4 kwenda juu, `smartctl -l farm` inakuonyesha. Masaa ya huku na ya kule yakitofautiana sana ujue kuna mkono wa mtu.

Diski za CCTV zenyewe hazina ubaya, zimetengenezwa kuandika mfululizo. Nunua moja ya hizo iwe ya nakala ya usiku, ile ya kazi nunua mpya. Na hata hiyo mpya soma kwenye karatasi yake kama ni CMR (mistari ya data imekaa pembeni kwa pembeni), zile za SMR (mistari inapandana) ukiziandikia mafaili mengi mfululizo zinaanza vizuri alafu zinakuwa nzito mno.

---

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi nipo Muscat, seva nimeiweka kwa wazee Unguja, nyumbani inafanya kazi lakini mimi huku siipati. Kijana mmoja kaniambia nifungue porti 445 kwenye rauta. Nimefungua na bado hola.
*Mdogo wako, Muscat*

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Kabla hujamaliza kusoma hili jibu nenda kaifunge hiyo porti. 445 ndo mlango wa kushea mafaili wa SMB, na Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kwa kupitia tundu la hiyo SMB. Mlango huo ni wa ndani ya nyumba tu.

Kwa nini hola, ingia kwenye rauta uangalie IP yake ya upande wa nje. Ikianza na 100 na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, basi kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja na hata ukifungua porti zote hakuna kitakachokufikia. Dawa ni Tailscale, programu ya VPN ya bure kwa matumizi ya nyumbani, inatumia teknolojia ya WireGuard, na haihitaji kufungua porti hata moja kwa sababu seva yenyewe ndo inatoka nje kukutafuta. Hapa mashine pepe zinakuja kusaidia, tengeneza konteina (mashine pepe nyepesi) kadogo ka Debian ka RAM MB 512 kwenye Proxmox uweke Tailscale humo, ukasete kama njia ya kuingilia mtandao wa nyumbani, alafu weka apu kwenye simu yako. Kwa kuwa uko mbali muombe mtu mwenye subira akukalie kwenye kompyuta ya nyumbani, wewe unaongoza kwa simu.

Ukishaingia, hakikisha mambo mawili yanayowatesa walio mbali. Kwenye BIOS ile sehemu ya umeme ukirudi weka iwake yenyewe, na kwenye Options za kila mashine pepe weka Start at boot. Bila hayo umeme ukikatika Unguja saa nane usiku seva itakaa imelala hadi mzee aamke aibonyeze, na mzee hajui ni kipi cha kubonyeza.

---

SWALI: Hii seva ya mafaili ikiwaka mwezi mzima LUKU si itaniua? Na naweza kutumia laptop iliyovunjika kioo?
*Dada wa Mbagala*

JIBU: Dada, desktop ndogo kama ile ya mpiga picha wa Mwanza ikiwa imetulia inakula kama wati 30 hivi pamoja na diski mbili. Wati 30 mara saa 24 mara siku 30 ni uniti 21.6. Kama uko kwenye tarifu ya D1, ya watumiaji wadogo, yenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi piga hesabu kwanza, ukivuka ukahamishwa ndo utaumia kweli.

Laptop inafaa na umeme inakula kidogo zaidi, tena ina betri yake kwa hiyo umeme ukikatika dakika kadhaa haijui. Ubaya wake ni mahali pa diski, nyingi zina nafasi moja, utaishia kuning'iniza diski za USB na hizo hupotea na kurudi zenyewe katikati ya kazi, kwa nakala ya usiku sawa, kwa diski ya kazi hapana. Betri ikianza kuvimba, utaiona tachipadi inanyanyuka, itoe siku hiyo hiyo. Ukiwa na desktop tafuta UPS ndogo (betri ya akiba), yenye waya wa USB wa kuongea na seva, uinstoo NUT, programu inayosikiliza UPS, ili betri ikikaribia kuisha izime mashine pepe kwanza ndipo izime Proxmox. UPS isiyo na huo waya inakupa tu muda wa kukimbia kwenda kuzima mwenyewe, kama uko nyumbani.