Maswali na Majibu: Polishi Ije Mwisho

SWALI: Viatu vyangu vya ngozi navipaka dawa kila asubuhi lakini having'ai, na sasa vinapasuka kwenye mikunjo. Nitumie dawa gani?

JIBU: Swali hili halikauki, na kila anayeliuliza anataka kutajiwa kopo jingine. Kosa haliko kwenye kopo. Unapaka dawa ya leo juu ya vumbi la jana na dawa ya juzi. Polishi ya viatu ni nta iliyotiwa rangi na kulainishwa kwa kiyeyusho kama tapentaini. Ukishapaka, kiyeyusho huruka hewani na nta hubaki. Ikikuta vumbi hulinasa, utando unakuwa mnene siku hadi siku, mwisho unakatika pale kiatu kinapokunjika. Ngozi nayo, kwa kukosa kusafishwa, inakauka chini yake bila wewe kuona.

Toa kamba. Futa uchafu kwa kitambaa chenye unyevu, kisha acha kiatu kikauke kivulini, kwa sababu jua kali na moto huikakamaza ngozi. Paka dawa kidogo, ngoja kama dakika 10, ndipo upige brashi. Mara moja kwa wiki inatosha. Siku nyingine brashi kavu tu. Viatu vya swedi, ile ngozi yenye manyoya laini, usivipake polishi hata siku moja.

SWALI: Kwa nini dawa ya viatu huitwa kiwi?

JIBU: Ni jina la dawa iliyoanzishwa Australia mwaka 1906 na William Ramsay. Mkewe alitoka New Zealand, nchi ya ndege aitwaye kiwi, na ndege huyo ndiye aliyechorwa kwenye kopo. Dawa ilienea hadi jina lake likawa jina la makopo yote, hata ya kampuni nyingine.

SWALI: Kwenye kamusi ya Kiingereza nimekuta polish na Polish. Ni neno moja?

JIBU: Hapana. Lenye herufi ndogo ni kung'arisha, au polishi yenyewe. Lenye herufi kubwa linahusu Poland, watu wake na lugha yao, na hutamkwa tofauti. Angalia herufi kabla ya kutafsiri.

SWALI: Mchele mweupe unaong'aa ndio mchele bora, sivyo?

JIBU: Sivyo, na ningependa kila anayepikia watoto alisome jibu hili. Mng'ao huo unatokana na mashine iliyokoboa na kusugua punje hadi pumba na kiini vikatoka. Humo ndimo ilimokuwa sehemu kubwa ya vitamini B1, nyuzinyuzi na madini. Kilichobaki ni wanga zaidi ya kitu kingine.

Jambo hili liliwahi kuua watu wengi. Ugonjwa wa beriberi, unaolegeza miguu na kuchosha moyo, ulizitesa jamii za Asia zilizoishi kwa mchele mweupe. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, na waliporudishiwa mchele usiosuguliwa wakapona. Mwaka 1929 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Frederick Hopkins. Basi usichague mchele kwa weupe wake. Ule wa kahawia nunua kidogo kidogo, maana mafuta ya pumba huufanya uharibike upesi. Ukishindwa kuuacha mweupe, usiuoshe maji matano hadi sita. Unamwaga vitamini chache zilizosalia. Mboga, maharage na karanga zisikose kando yake.

SWALI: Meza yangu ya mbao imechakaa. Naweza kupaka vanishi bila kupiga msasa?

JIBU: Hapana. Vanishi haifichi mikwaruzo, huionyesha zaidi. Anza na msasa wenye namba ndogo, kama 80, ambao ndio mkali, kisha 120, kisha 240, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Futa vumbi lote kabla ya kufungua kopo.

Hukuuliza, lakini nakuonya: ukitumia mafuta ya kitani badala ya vanishi, usiyakunje matambara yaliyolowa na kuyatupa kwenye pipa. Mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na tambara lililorundikwa linaweza kuwaka lenyewe. Yatandaze nje yakauke, au yatumbukize kwenye maji.

SWALI: Sarafu za kale nilizorithi zimekuwa nyeusi. Nizisugue kwa nini?

JIBU: Usizisugue kabisa. Ukisugua unaondoa na metali yenyewe, na wakusanyaji huzishusha thamani sarafu zilizosuguliwa. Vivyo hivyo vyombo vilivyochovywa fedha: tabaka ni jembamba, ukizidisha bidii litakwisha.

SWALI: Rangi ya kucha naitoa kwa petroli. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, acha leo. Tumia asetoni, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, kwani nayo hushika moto haraka. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji aitoe rangi mapema: kile kibanio cha kidoleni hupima oksijeni kwa mwanga, na rangi nzito huweza kupotosha kipimo.

SWALI: Nimemaliza ripoti. Naomba uipige msasa kidogo ipendeze.

JIBU: Nimeisoma. Lugha yako haina tatizo. Hesabu za sehemu ya pili ndizo zinazopingana na hitimisho. Nikiirembesha nitakuwa nakusaidia kupotosha wasomaji wako. Chukua mfano wa darubini ya Hubble: ilirushwa angani mwaka 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4, kilichosuguliwa kwa ulaini wa kustaajabisha. Picha zikaja na ukungu. Kifaa cha kupimia umbo la kioo kilikuwa kimeunganishwa vibaya, basi mafundi wakasugua kwa umakini mkubwa kuelekea umbo lisilo sahihi. Ukingo ulikosewa kwa takriban mikromita 2 tu, yaani sehemu mbili za elfu za milimita, na wanaanga wakalazimika kwenda kuirekebisha mwaka 1993.

Rudi kwenye majedwali yako. Hakikisha kila jumla, kisha andika hitimisho upya kutokana na hesabu hizo, hata kama halitampendeza mkuu wako. Sentensi tutazishughulikia ukinirudishia.