“Ofa inaisha leo” kila siku: usizifute hizo barua pepe

Pole ndugu yangu wa Seattle. Duka linakutumia barua pepe ya “ofa inaisha leo”, kesho unaikuta ileile, nawe unauliza ufanye nini; nimekuelewa. Sheria ya shirikisho la Marekani ya 2003 kuhusu barua pepe za matangazo haikupi wewe nafasi ya kushtaki, lakini jimbo la Washington lina yake ya 1998, na Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema kichwa cha barua pepe ya matangazo (mstari wa mada) kikiwa na uongo, hata wa muda wa ofa, ni kosa.

Piga picha za skrini, tarehe zionekane, kisha lalamika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Fomu iko mtandaoni. Hatakuwa wakili wako, ila malalamiko yakirundikana anaweza kulishtaki duka. Fidia? Muone wakili. Na kwenye barua pepe za matapeli usibofye chochote, hata “jiondoe”.