Kofilini inakata aktini, mbona saratani inapenya zaidi?
Mdogo wangu, umeuliza kwa nini seli ya saratani haikwami wakati protini ya kofilini inakatakata nyuzi za aktini, yaani nyuzi za protini zinazoipa seli umbo na mwendo. Upo Dodoma, tazama mzabibu wa Hombolo: ukipogolewa ndipo unapochipua. Kila mkato huacha ncha mpya inayokua haraka, kisha kundi la protini za Arp2/3 hushika ubavu wa uzi na kuotesha tawi kwa pembe ya digrii 70 hivi. Utando wa seli unasukumwa mbele. Protini ya fasini hufunga nyuzi pamoja ili kijiguu, yaani kichomozo cha seli kinachotoboa tishu, kiwe kigumu, na kimeng'enya MT1-MMP huyeyusha kolajeni, protini ya tishu iliyo mbele yake.

Kosa la kawaida maabara ni kupima kofilini yote kwa jumla. Kimeng'enya LIMK huizima kwa kuibandika fosfati kwenye serini ya 3 (asidi amino ya tatu katika mnyororo wake), kwa hiyo pima na ile yenye fosfati, ulinganishe. Na mahali ni muhimu kuliko wingi, hili wengi hulipuuza: katikati ya kijiguu kofilini huwa hai, pembeni huzimwa kupitia RhoC, protini ya kupitisha ishara ndani ya seli. Ikiwa hai kotekote, kijiguu hupoteza umbo na uyeyushaji hutawanyika.