Maswali ya Wasomaji: Hisabati inakwama wapi?

SWALI: Habari za kazi, walimu. Binti yangu yuko Kidato cha Tatu. Kila Jumamosi anakwenda tuisheni, anafanya mitihani ya miaka iliyopita, lakini alama zake za hisabati hazivuki 25. Je, nimwongezee siku za tuisheni?
*Mama mzazi, Nyegezi*

JIBU: Salama, mama. Usiongeze siku kwanza. Mwanafunzi anayeganda kwenye 25 muhula baada ya muhula, mara nyingi tatizo lake si mada za Kidato cha Tatu. Limebaki nyuma: kwenye sehemu, namba hasi na mabano. Mtihani wa zamani unamwambia tu kwamba amekosa, haumwambii kosa lilianzia darasa gani.

Mpe karatasi yenye maswali haya manane, dakika 30, bila kikokotoo, na aandike kila hatua:

12 − 5 + 3
1/3 + 1/4
0.3 × 0.2
−7 − 4
15% ya 8,000
2x + 5 = 17, tafuta x
Rahisisha 3(x − 2) − 2(x − 5)
Fungua (x + 3)²

Majibu kwa mpangilio huo ni 10, 7/12, 0.06, −11, 1,200, 6, x + 4, x² + 6x + 9. Huhitaji kujua hisabati ili kulinganisha. Usihangaike na idadi ya aliyopata, tazama amekosaje, maana kila kosa lina chanzo chake.

Akipata 4 kwenye swali la kwanza, amefuata MAGAZIJUTO neno kwa neno: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Amejumlisha 5 na 3 kwanza, kisha akatoa. Kifupisho hicho kimewasaidia wengi, lakini hapo mwisho kinapotosha. Kugawanya kabla ya kuzidisha hakuharibu jibu. Kujumlisha kabla ya kutoa kunaliharibu. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, kwa hiyo vinafanywa kwa kufuatana, kushoto kwenda kulia. Tumeona wanafunzi wa Kidato cha Nne wakipoteza alama kwa kosa hili ndani ya maswali makubwa ya aljebra, na wao wanadhani hawaijui aljebra.

Akiandika 2/7 kwenye la pili, amejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini). Asirudishiwe kanuni ya KDS (kigawe kidogo cha shirika) mara moja. Akate chapati mbili, moja vipande 3 na nyingine vipande 4, aweke pamoja kipande kimoja cha kila moja. Ataona amepata zaidi ya nusu chapati, wakati 2/7 haifiki nusu. Hapo ndipo KDS inapata maana.

Akipata x − 16 kwenye la saba, alama ya kutoa iliyo nje ya mabano haikuifikia −5. Akiandika x² + 9 kwenye la nane, mwambie aweke 2 mahali pa x: 5 × 5 ni 25, lakini 4 + 9 ni 13. Kukagua kwa namba ndogo kunachukua sekunde kumi, na anaweza kufanya hivyo hata ndani ya chumba cha mtihani.

Ukishajua palipovuja, ratiba ni dakika 25 kila siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki sita. Kila siku maswali kumi: matatu ya kosa analolirekebisha, manne ya jana, matatu ya wiki iliyopita. Yachanganywe, yasipangwe kwa mada, kwa sababu akifanya maswali 20 ya aina moja anaacha kufikiri na kunakili hatua tu. Awe pia na daftari la makosa: swali, alichoandika, na kwa nini alikosa. Baada ya siku tatu alifanye tena bila kuchungulia. Tuisheni iendelee, ila mwalimu wake aione karatasi hiyo.

SWALI: Nina wanafunzi 90 kwenye darasa moja. Kusahihisha madaftari yote haiwezekani. Nifanyeje nijue nani ameelewa?
*Mwalimu, Ukerewe*

JIBU: Mwalimu mwenzetu, tumia vidole. Andika ubaoni 1/2 + 1/3 na majibu manne: (1) 2/5, (2) 5/6, (3) 1/6, (4) 2/6. Wape dakika moja ya kimya, kisha wote waonyeshe vidole kifuani kwa pamoja, asiwepo wa kumtazama jirani. Anayeonyesha 1 amejumlisha juu na chini. Anayeonyesha 3 amezidisha. Anayeonyesha 4 ameipata asili ya pamoja lakini hakubadilisha kiasi, na huyo yuko karibu sana.

Majibu yakigawanyika, usitaje lililo sahihi. Wape dakika mbili wajadiliane wawili wawili, wapige kura tena. Kazi yote iko kwenye kutunga majibu yasiyo sahihi: kila moja litokane na kosa halisi unaloliona kwenye madaftari. Jibu la kubahatisha tu halikufundishi kitu.

SWALI: Shikamooni walimu. Mimi maswali ya maelezo nayaruka yote. Nifanyeje?
*Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Igoma*

JIBU: Marahaba. Sekondari unasoma hisabati kwa Kiingereza, kwa hiyo swali la maelezo ni mitihani miwili. Itenganishe. Kwanza liandike kwa Kiswahili kwa sentensi fupi, bila kuhesabu chochote. Tuseme guta la kutoka Mwaloni linatoza shilingi 2,000 za kuanzia na 500 kwa kila gunia la dagaa. Jiulize: kipi kinalipwa hata bila gunia? Ni 2,000. Kipi kinaongezeka kila gunia likiongezeka? Ni 500. Basi, x ikiwa idadi ya magunia na y malipo yote, y = 500x + 2,000, na mteremko wa mstari wako ni 500.

Jihadhari na "toa 7 kutoka kwenye x". Wengi wanaandika 7 − x kwa kuwa 7 imetajwa kwanza. Jaribu na 10: toa 7 kutoka kwenye 10, unabaki na 3. Kwa hiyo ni x − 7.